Dola 50 zilizokwama njiani: kisa cha ushirika wa akiba wa Goma uliotaka kuwa benki ya mtandaoni

Mama mmoja anayeuza vitenge Birere, mwanachama wa ushirika wa akiba na mikopo hapa Goma, alituma dola 50 kutoka akiba yake kwenda kwenye simu ya mwanawe anayesoma Bukavu. Ilikuwa Ijumaa jioni. Programu ikazunguka weee, kisha ikaandika: "Hitilafu. Jaribu tena." Akajaribu tena. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la keshia. Akiba yake imekatwa dola 100, mwana amepokea 50, na orodha ya miamala ya ushirika inasema maombi yote mawili yalishindikana. Hesabu tatu, na hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake.

Fedha yenyewe ilirudishwa siku hiyohiyo. Lakini bodi ilisimamisha mradi mzima wa benki ya mtandaoni na kuuliza swali ambalo kampuni iliyojenga mfumo haikuwa na jibu lake: dola 50 za pili zilikuwa wapi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu? Nimelificha jina la ushirika na kubadili mambo madogo madogo usitambulike. Mwenendo wa mfumo nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtu anayetaka kujenga benki kwa usanifu wa kihuduma anapaswa kukijua kabla hajaandika mstari mmoja wa programu.

Tuanze na walikotoka. Kwa miaka mingi ushirika ulikuwa na programu moja kubwa kwenye seva moja, katika chumba kidogo cha makao makuu. Wanachama, akiba, mikopo, sanduku la keshia, uhasibu, vyote vilikaa humo. Si aibu; mabenki mengi yalianza hivyo na mengine bado yako hivyo. Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ikalipuka, na siku tano baadaye amri ikatoka ya kuhamisha watu katika sehemu kubwa ya mji. Watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Seva ikazimwa. Tawi la Bukavu lilikuwa na keshia, lilikuwa na noti, na mlangoni lilikuwa na wanachama waliovuka ziwa bila kitu mkononi, ila hapakuwa na pa kusoma salio la mtu. Meneja wa tawi aliishia kulipa wale aliowajua kwa sura, akiandika kwenye daftari la shule.

Baada ya hapo bodi ikataka mambo mawili kwa pamoja: mfumo usiokufa na chumba kimoja, na huduma kwenye simu. Mwanachama aone salio lake, atume kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, apokee kutoka huko. Kampuni iliyoshinda zabuni ikaja na usanifu wa kihuduma, na michoro mizuri.

Wazo lenyewe si jipya. Badala ya programu moja inayofanya yote, kila kazi inasimama kama huduma yenye mkataba wake: inapokea ombi la namna hii, inatoa jibu la namna hii. Huduma nyingine zinaiomba kupitia mkataba huo tu. Hakuna anayeingiza mkono kwenye hifadhidata ya mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabenki makubwa yaliupokea mtindo huu kwa mikono miwili, kwa kuwa yalikuwa na programu za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa, na kuzifunika kwa huduma kulikuwa rahisi kuliko kuziandika upya. Wakati huo mawasiliano yalikuwa ya SOAP, kanuni za kompyuta kutumiana ujumbe, ambayo toleo lake la 1.2 liliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, na katikati paliwekwa basi la huduma la kubeba ujumbe huku na huku. Baadaye, hasa baada ya makala ya James Lewis na Martin Fowler ya 2014, mkazo ukahamia kwenye huduma ndogo ndogo. Benki ya Monzo ya London, iliyoanzishwa 2015, imewahi kueleza hadharani kwamba inaendesha huduma zaidi ya 1,500. Wanaosoma habari hiyo husahau kwamba nyuma yake kuna mamia ya wahandisi. Ushirika wetu ulikuwa na wahandisi wanaoenea kwenye teksi moja.

Faida ilikuwapo, nisiidharau. Kabla ya hapo kiwango cha juu cha kutoa fedha kwa siku kiliandikwa kwenye programu ya keshia, kikaandikwa tena kwenye simu za maafisa wa sokoni, kikaandikwa mara ya tatu kwenye waraka uliobandikwa ukutani, na vyote vitatu vilitofautiana. Kanuni hiyo ikikaa kwenye huduma moja, basi keshia, wakala chini ya mwavuli, programu ya simu na menyu ya namba fupi ya simu za vibonye wote wanaiuliza pale pale. Kwa mji ambao wanachama wengi hawana simu janja, hili peke yake lilitosha kuhalalisha mradi.

Tatizo lilikuwa mipaka. Wajenzi walichukua orodha ya idara za ushirika na kugeuza kila idara kuwa huduma: Wanachama, Akiba, Mikopo, Fedha za Simu, Uhasibu. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alisema tangu 1968 kwamba mfumo hufanana na mpangilio wa watu wanaoujenga, na hapa ulifanana na milango ya korido. Kila huduma ilipewa hifadhidata yake, na ndani yake masalio yake. Akiba ilijua salio la akiba, Mikopo ilijua deni. Basi la katikati, kwa upande wake, lilibebeshwa mambo ya kuamua: makato, viwango, nani anaruhusiwa nini. Basi kazi yake ni kubeba. Likianza kuamua, umejenga upya ile programu kubwa ya zamani, mara hii bila mtu anayeielewa yote.

Sasa tazama kilichotokea Ijumaa ile. Ombi la kwanza lilifika kwa Akiba, ikakata dola 50. Basi likapeleka ombi kwa Fedha za Simu, ikalipeleka kwa kampuni ya simu, kampuni ikamlipa mwana. Jibu likapotea njiani, mtandao ulikuwa umekatika. Fedha za Simu ilisubiri mpaka muda ukaisha, ikaandika "imeshindikana". Mama akabonyeza tena. Akiba ikakata dola 50 nyingine, na mara hii ombi halikufika hata kwa kampuni ya simu. Ikaandikwa tena "imeshindikana". Kwenye programu ya zamani jambo hili lisingewezekana kati ya akaunti mbili za ndani: hifadhidata ikiwa moja, maandishi yote yanaingia pamoja au hayaingii kabisa. Ukishaigawa hifadhidata, ahadi hiyo umeivunja mwenyewe, na lazima uijenge upya kwa mikono.

Peter Deutsch na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems waliorodhesha imani potofu za watu wanaojenga mifumo iliyotawanyika, na ya kwanza kwenye orodha ni kuamini kwamba mtandao hautakatika. Mtu aliyekulia Goma hahitaji kuhubiriwa hilo. Ajabu ni kwamba hata wahandisi wa hapa, ambao kila jioni wanasubiri umeme urudi, walipokaa mbele ya kompyuta waliandika programu kana kwamba wako Zurich. "Sijapata jibu" waliitafsiri kuwa "imeshindikana". Kwenye mambo ya fedha hayo mawili ni tofauti kabisa, na nusu ya hasara za kidijitali ninazozijua zimetokea kati yake.

Dawa ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa ya vitabuni: muamala wa awamu mbili, ule alioueleza Jim Gray mwaka 1978. Mratibu anauliza kila upande kama uko tayari, wote wakikubali anaamuru waandike. Ndani ya jengo moja unafanya kazi. Lakini mratibu akinyamaza katikati, kila upande unabaki umeshikilia kufuli, yaani umezuia rekodi zake zisiguswe, na hakuna kampuni ya simu duniani itakayokubali kushikilia kufuli kwa ajili ya ushirika wa Goma ambao umeme wake umezimika. Pendekezo hilo likafa kwenye kikao hichohicho.

Jibu lilitoka upande ambao hakuna mhandisi aliyekuwa akiutazama. Mhasibu mkuu alikuwa ameitwa kikaoni ili aeleze marejesho yalivyofanyika tu. Kijana mmoja wa programu akamuuliza, nusu utani:

"Mama, tusipojua kama pesa imefika au haikufika, tuandike nini?"

"Mnaandika kwamba hamjui, mwanangu. Akaunti ya kazi hiyo tunayo toka zamani. Keshia akikutwa jioni na dola 20 zisizo na mwenyewe, unafikiri huwa zinaenda wapi? Mfukoni mwake?"

Alikuwa anazungumzia akaunti ya kungojea, ile ambayo wahasibu wa kwetu huiita compte d'attente. Wanaosoma kompyuta huijua dhana ya jirani yake kwa jina la saga, kutoka kwa andiko la Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem la 1987: kazi ndefu inakatwa hatua hatua, na kila hatua ina hatua ya kuitengua. Wahasibu wamekuwa wakifanya jambo la namna hiyo kwa kalamu muda mrefu kabla ya kompyuta, wala hawakuhitaji kulipatia jina la kishujaa.

Usanifu ukachorwa upya kwa kuanzia hapo. Masalio yote yakatolewa kwenye huduma za idara na kuwekwa kwenye huduma moja, Leja, yaani daftari kuu la hesabu. Akiba ikabaki na kanuni za akiba, yaani riba, viwango, muda. Mikopo ikabaki na ratiba za marejesho. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kutunza salio. Ndani ya Leja kila tukio lina pande mbili, debiti na krediti, kama alivyochapisha Luca Pacioli kule Venisi mwaka 1494, na hakuna kinachofutwa. Kosa linasahihishwa kwa maandishi ya kinyume. Salio ni jumla ya maandishi, basi.

Wapo watakaosema hapo tumeirudisha programu kubwa kupitia dirishani. Sikubaliani nao. Mpaka wa huduma unafaa kuwekwa pale ambapo dhamana ya fedha inabadilika mikono. Kati ya akiba na mkopo wa mwanachama yuleyule dhamana haijabadilika, yote ni vitabu vya ushirika, kwa hiyo kuvitenganisha ni kujitafutia kazi. Kati ya ushirika na kampuni ya simu imebadilika kweli. Hapo ndipo mpaka ulipo, uupende usiupende.

Turudie safari ya dola 50 kwenye mfumo mpya. Mama anapofungua ukurasa wa kutuma, simu yake inatunga namba ya kumbukumbu hapohapo, kabla hajabonyeza chochote. Akibonyeza, Leja inaandika: akiba ya mama debiti 50, akaunti ya kungojea krediti 50. Katika tendo hilohilo, kwenye hifadhidata hiyohiyo, inaandika pia barua ya kutumwa, yaani ujumbe wa kuiomba kampuni ya simu ilipe. Umeme ukikatika sekunde inayofuata hakuna kinachopotea, maana ukirudi barua bado iko kwenye foleni na programu ndogo inaichukua na kuipeleka kwa Fedha za Simu. Kampuni ya simu ikithibitisha, Leja inahamisha: akaunti ya kungojea debiti 50, akaunti ya ushirika iliyoko kwenye kampuni hiyo krediti 50. Ikikataa, 50 zinarudi kwenye akiba.

Na ikinyamaza? Zinabaki kwenye kungojea. Huduma haitumi upya kwa namba mpya, inauliza kwa namba ileile, "Ombi hili limefikia wapi?" Hata jibu la "silijui" haliaminiwi mara moja, kwa sababu ombi linaweza kuwa bado liko njiani. Inauliza tena baadaye, na neno la mwisho ni faili la miamala ya siku ambalo kampuni ya simu hulituma usiku, likalinganishwa na akaunti ya kungojea mstari kwa mstari. Mama akibonyeza mara ya pili kwa hasira, ombi linakwenda na namba ileile, na Leja inamjibu hali ya lile la kwanza bila kukata kitu. Akitaka kweli kutuma dola 50 nyingine, programu inamuuliza kwanza kama ni malipo mapya.

Sehemu iliyoleta ubishi zaidi bodini haikuwa ya kiufundi. Ilikuwa neno la kuonyesha kwenye simu. Wahandisi walitaka hali tatu: imefika, imerudi, inasubiri. Mzee mmoja wa bodi aliapa kwamba mtu wa Birere akisoma "inasubiri" atakuja ofisini na ukoo wake mzima. Walikubaliana kwenye ujumbe mrefu kidogo: "Dola 50 zako zimetoka kwenye akiba. Tunangoja jibu la kampuni ya simu. Usitume tena. Zisipofika zitarudi." Ukoo haukuja.

Suala la sarafu mbili nalipitia haraka, ingawa kwa mtu wa nje ndilo la kushangaza zaidi. Huku kwetu mtu analipa kodi ya nyumba kwa dola na kununua nyanya kwa franka, na dola moja iliyokuwa karibu franka 2,000 mwaka 2021 ilivuka 2,700 mwaka 2024. Leja inatunza kila sarafu kando. Haijumlishi dola na franka kamwe. Kubadilisha ni huduma inayotoa bei yenye muda wa kuishi: mwanachama anaionyeshwa, ana dakika chache za kukubali, na bei aliyoikubali inaandikwa pamoja na muamala, hata kama barua itafika kesho. (Raha moja ya dola ya kidijitali: haichaniki pembe, wala hakuna wa kuikataa kwa sababu imechapishwa zamani.)

Kuhusu matawi kukatika, walifanya uamuzi ambao bado nauona kuwa bora kuliko yote. Mtaalamu wa kompyuta Eric Brewer alisema mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha 2002, kwamba mtandao ukigawanyika itabidi uchague: ama huduma iendelee kujibu, ama majibu yake yawe sahihi daima. Mabenki mengi huchagua jibu moja kwa kila kitu. Hapa waliuliza kila kitendo peke yake. Kuweka fedha tawi likiwa limekatika kunaruhusiwa, kwa kuwa kunaongeza salio tu na noti ziko mezani. Kutoa kunaruhusiwa mpaka kiwango kidogo kwa salio la mwisho lililojulikana, na hasara ikitokea bodi imekubali kuibeba. Kuhamisha kwenda kwenye simu hakuruhusiwi kabisa. Leja yenyewe ilitolewa mjini, ikapangishiwa mahali mbali na lava, na nakala yake inasomeka Bukavu.

Kuhama kulikuwa kwa polepole, tawi kwa tawi, mfumo wa zamani na mpya zikienda pamoja na jumla zao zikilinganishwa kila usiku. Mtu aliyetaka wahame wote kwa wikiendi moja alikumbushwa benki ya TSB ya Uingereza: Aprili 2018 ilihamisha data za wateja wake zaidi ya milioni 5 kwa mpigo, hadi watu milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Benki ile ilikuwa na fedha za kulipa. Ushirika hauna.

Mtihani wenyewe haukutoka mlimani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, katikati ya Februari wakaingia Bukavu, na mabenki ya biashara yakafunga milango. Leja ilikuwa mbali, haikuguswa, na kila mwanachama aliweza kuona salio lake hadi senti. Noti ndizo zilizokosekana. Mawakala waliishiwa, na salio sahihi kwenye skrini halinunui unga kwa muuzaji anayetaka franka mkononi. Hakuna usanifu wa programu unaotengeneza noti, na waliouza benki ya mtandaoni kama dawa ya kila balaa walinyamaza majuma hayo.

Mambo mawili yaliwezekana hata hivyo. Malipo kati ya wanachama, ambayo hayavuki mpaka wowote wala kupitia kungojea, yaliongezeka sana: mwenye nyumba, mwenye duka na mwalimu wakiwa wote wanachama, fedha inazunguka ndani ya Leja bila noti. Na wahandisi walijenga huduma mpya ndogo, Mawakala, ambapo wakala anatangaza asubuhi kiasi cha noti alichonacho na mwanachama anakiona kabla ya kupanda pikipiki ya motari kutoka Ndosho hadi Majengo bure. Ilichukua muda mfupi, maana haikugusa fedha ya mtu. Ilisoma tu mikataba ya huduma zilizokuwapo.

Mikopo ya vikundi bado iko kwenye programu ya zamani, ikipeleka jumla zake kwa Leja kila jioni. Mkataba wa huduma mpya umeandikwa na kufanyiwa majaribio. Lakini kanuni za nani anamlipia nani pale mmoja wa kikundi anapohama mji, na kipi kinakatwa kwanza kati ya riba na faini, haziko kwenye waraka wowote. Ziko kichwani mwa afisa mmoja wa mikopo, na kwa sasa anashinda mitaani akitafuta wakopaji waliohama, kwa hiyo wahandisi wanamsubiri apate siku ya kukaa nao.